Miisho Niliyoitunga

Zena mwanangu,

Nimekutuma Upanga kumuaga Mama Kanta nikijua hatakuachia mapema. Atakukalisha, atakuchemshia chai ya tangawizi, atakufungia chevda, ule mchanganyiko mkavu wa dengu na karanga, ya kula njiani, kisha ataanza kukuhadithia mambo ya utoto wake. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya kuandika. Kesho unapanda treni ya Mwanza kwenda chuo cha uuguzi, na habari za sabuni, chandarua na wezi wa stesheni nimezisema wiki nzima mpaka umechoka kuitikia. Sizirudii hapa.

Nataka kukujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tumekaa tunaangalia ile filamu ya binti wa dereva wa lori, na picha ya mwisho ikawa ile barua iko mezani, haijafunguliwa. Majina yakaanza kupita. Ukaruka kwenye kiti.

"Mama, ndiyo nini hii? Imeisha? Anaifungua au haifungui?"

Nikasema, "Sijui."

"Hujui! Tamati mzima hujui?"

Nikacheka, nikaingia jikoni kuosha vyombo. Nilikukimbia. Unajua kwamba zamani Kariakoo nzima iliniita Somoe Tamati, na unajua siku moja niliacha kazi ile ya kutafsiri filamu. Kwa nini niliacha, hujawahi kuniuliza, na mimi nilifurahi kwamba huulizi. Sasa unaenda kufanya kazi ambayo watu watakuuliza maswali wakiwa wamelala kitandani, wanakuangalia usoni. Bora nikwambie.

Wewe ulikuwa bado unatambaa nilipopata kazi kwa Mama Kanta, pale Mchafukoge alikoishi wakati ule, juu ya duka la vitambaa la mwanawe. Miaka ile dukani mlikuwa na rafu tupu na majora mawili matatu ya khanga yaliyofichwa nyuma. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Katika muda mfupi tu mji ukajaa vitu: sabuni za kunukia, viatu vya mitumba, redio kubwa kama masanduku. Mtoto wa Mama Kanta akaenda Dubai akarudi na deki ya video na kanda za filamu za Kihindi, mfuko mzima.

Kazi yangu ilikuwa kupika na kufua, lakini ikifika saa nane mchana kazi ilisimama. Aliniita, "Somoe, njoo tuangalie." Siku ya kwanza nilikaa sakafuni. Akanitazama.

"Kiti hukioni?"

"Nakiona, Mama."

"Basi kina kosa gani?"

Tangu siku hiyo tulikaa viti viwili sawasawa, yeye akinieleza, akisimamisha kanda, akirudisha nyuma nisikie neno moja mara tatu. Baada ya miaka miwili Kihindi cha filamu kilikuwa kimeniingia. Nilikuwa naota kwa Kihindi, nakuimbia wewe kwa Kihindi, na majirani wakinicheka.

Alikuwa na tabia moja ambayo sikuielewa. Filamu ikiisha, mimi nilinyanyuka mara moja kufungua mapazia. Yeye alinishika mkono. "Ngoja. Wale watu bado wanaishi. Waache waende zao taratibu." Tulikaa kimya, kioo kikiwa cheusi, mpaka yeye mwenyewe anyanyuke. Nilidhani ni uzee.

Wakati ule mabanda ya video yalikuwa yameanza kuota Kariakoo kama uyoga. Moja lilikuwa la Mzee Kitwana, uani, nyuma ya maduka ya vitenge. Televisheni moja, mabenchi, na turubai la kuzuia mwanga. Alikuwa na mkalimani mwanamume aliyejua filamu za ngumi tu. Filamu za Kihindi alizikisia, na watu walijua anakisia. Nikaenda kumwambia Mzee Kitwana nijaribu mimi.

"Mwanamke kwenye kipaza sauti?" akasema. "Wanaume watasusa, mwanangu."

"Shikamoo yangu hujaijibu, mzee. Na saa nane mchana wanaume wako kazini. Nani anakaa kwenye mabenchi yako saa hizo?"

Akageuka kuyatazama. Yalikuwa matupu.

"Marahaba," akasema. "Njoo Alhamisi."

Mama Kanta mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kutoka mchana, na ndiye aliyeniazima kanda. Alhamisi ya kwanza walikuja wanawake wanane. Mwezi wa pili walikaa mpaka chini ya televisheni. Wauza ndizi, wauza khanga, mama lishe waliomaliza kuosha masufuria, wake za watu waliokuja na vikapu vya soko kama kisingizio. Nilimpa kila mtu wa kwenye filamu sauti yake. Mama mkwe nilimsemea kwa pua. Tajiri mbaya nilimpa sauti ya mwenye nyumba wetu, unamkumbuka, na watu walivunjika mbavu.

Jina la Tamati nililipata kwa sababu ya miisho. Sikuweza kuvumilia kitu kinaning'inia. Kama mwizi alikimbia na filamu haikusema kama alikamatwa, mimi nilimkamata. Kama ndugu wawili waliachana kwa hasira, mimi niliwapatanisha, maneno yangu yakipita juu ya muziki na majina ya waigizaji. Niliwaozesha watu, niliwarudishia macho vipofu. Kisha nilisema kwa sauti nene, "Tamati!" na banda zima lilipiga makofi.

Sikatai, raha ilikuwepo. Mwanamke ameamka alfajiri, amesimama juani siku nzima, nyumbani kunamsubiri mambo ambayo hayana mwisho. Akipata saa tatu za kukaa, kwa nini asipewe mwisho wa kueleweka aende nao? Niliamini hivyo kwa moyo wote, na mpaka leo sidhani kwamba nilikuwa mjinga kabisa.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja, Bi Hadija, muuza samaki wakavu kule shimoni, soko la chini. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo. Hakukosa Alhamisi hata moja, na alikaa benchi la pili, pembeni, khanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Mwanawe wa kiume, Idi, alizamia meli. Unajua vijana wa miaka ile: walijificha ndani ya meli bandarini, wafike Ulaya au popote. Idi aliondoka na wenzake wawili. Mmoja alirudishwa, akasema waliachana kwenye bandari moja ambayo hata jina lake hakulijua. Tangu hapo miaka minne, hakuna barua, hakuna salamu.

Alhamisi moja niliweka filamu ambayo Mama Kanta aliipenda kuliko zote. Mama mmoja amepotelewa na mtoto kwenye umati wa stesheni, mtoto mdogo kabisa. Kila siku, kwa miaka ishirini, anakwenda stesheni kuangalia treni. Mwishoni yuko mzee, amekaa kwenye benchi. Treni inaingia. Anashuka kijana, anapita, anasimama, anageuka kumwangalia. Anamwangalia tu. Picha inaganda hapo, na filamu inaisha.

Nilipoiangalia na Mama Kanta, yeye alikuwa analia na kutabasamu. Mimi nilikuwa nimekasirika, kama wewe Jumapili. Kwa hiyo pale bandani, picha ilipoganda, nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili nikapiga kelele, "Mama! Ni mimi mwanao! Nimerudi, mama!"

Zena, banda lilitaka kuanguka. Watu walikumbatiana. Bi Hadija aliinama, akaweka uso kwenye magoti, mabega yakimtikisika. Nilimwona, na nilijisikia kama mganga aliyemponya mtu.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napanga mabenchi, akaingia mwanamke kijana amembeba mtoto mgongoni na mwingine kifuani. Pacha. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari.

"Wewe ndiye Tamati?"

"Ndiye mimi. Karibu, dada."

Hakukaa. Alisema anaitwa Mwajuma, ametoka Morogoro, ni binti wa Bi Hadija. Tangu ajifungue hajiwezi. Mgongo unamuuma, mumewe ni dereva wa malori na hayupo nyumbani nusu ya mwezi. Mama yake alikuwa amekubali kuhamia Morogoro kumsaidia. Kizimba chake sokoni alikwisha kumwahidi jirani. Halafu akabadilika ghafla.

"Anasema hatoki Kariakoo. Anasema Idi akirudi amkute palepale alipomwacha. Nikamuuliza, mama, nani kakwambia Idi anarudi? Akasema wewe."

"Mimi nimetafsiri filamu tu, dada."

Mtoto wa kifuani akaanza kulia. Akambembeleza kidogo, kisha akaniangalia.

"Ulitafsiri au ulitunga?"

Nilitazama vidole vyangu. Yeye akatoka na watoto wake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Kanta, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Nilitegemea atanifariji. Alizima redio.

"Kwenye filamu yangu yule kijana anasema nini?"

"Hasemi kitu, Mama."

"Na wewe ukamsemea. Somoe, kwa nini unawaogopa watu wako? Unadhani wakipewa swali watavunjika? Wale wanawake wanabeba magunia. Swali watalibeba."

Nikamwambia, lakini si kuna filamu nyingine ambazo ni mbaya tu, zimeacha vitu hovyo? Akakubali mara moja. Alikuwa fundi cherehani mzuri, na akanijibu kifundi. Alisema uzi ulioachwa na mvivu unafumua nguo nzima: mtu kapigwa risasi kwenye ngazi, halafu kasahauliwa, hakuna anayemuuliza. Hizo alizitukana bila huruma. Lakini yule aliyetengeneza filamu ya stesheni alijua anachofanya. Alimpenda yule mama kiasi cha kutomdanganya. "Kuwaweka pamoja ni rahisi," akasema. "Mtoto yeyote angewaweka pamoja. Yeye alijizuia."

Nilimuuliza sasa nifanye nini, nimwambie Bi Hadija kwamba mwanawe hatarudi?

Hapo alipandisha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Na hilo unalijua? Umetunga mwisho wa kwanza, sasa unataka kutunga wa pili?"

Nilisimama pale nikaelewa jambo ambalo nilitakiwa kulielewa zamani. Nilidhani kuna miisho miwili na mimi kazi yangu ni kuchagua. Kumbe kulikuwa na jambo la tatu, ambalo ni kusema kile kinachojulikana na kunyamaza.

Alhamisi iliyofuata niliirudia filamu ile. Banda lilijaa, maana sifa zake zilikuwa zimeenea. Bi Hadija alikuwa benchi lake la pili. Nilitafsiri kama kawaida, vizuri kuliko mara ya kwanza nadhani, kwa sababu safari hii nilisikiliza. Treni ikaingia. Kijana akashuka, akageuka. Picha ikaganda. Nikakiweka kipaza sauti juu ya meza.

Mtu akaita, "Tamati, maliza!" Mwingine akapiga mluzi. "Maliza bwana!" Mzee Kitwana akachungulia kwenye turubai, akanifanyia ishara kwa mkono, sema kitu. Nikakichukua kipaza sauti.

"Filamu haisemi," nikasema. "Mara ile maneno yalikuwa yangu mimi. Yule kijana hakusema kitu. Nawaombeni radhi."

Walikasirika, mwanangu. Mama mmoja aliniambia nimemwibia. Mwingine, muuza khanga aliyekuwa rafiki yangu kabisa, alisema, "Sasa tumekuja kufanya nini hapa, kama ni kutojua si hata nyumbani tunako?" Neno lile liliniuma kwa sababu lilikuwa la kweli. Wakatoka wananung'unika.

Bi Hadija alibaki. Nilimfuata, nikapiga magoti mbele ya benchi lake, nikamwambia, nisamehe, bibi, nilikudanganya.

"Nyanyuka, mtoto," akasema. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Mdomo wa yule kijana haukufunguka. Sijui Kihindi, lakini macho ninayo. Wewe ulisema, yeye mdomo umefumba."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alimkatalia Mwajuma?

Alikuwa anaikunja na kuikunjua ncha ya khanga. "Kwa sababu uliyatamka mbele za watu, na watu wote wakafurahi. Nikasema moyoni, kumbe siko peke yangu ninayetaka hivyo. Nikajipa ruhusa ya kukaa." Kisha akasema: "Leo umenyamaza. Nimemwangalia tena yule mama. Miaka ishirini amekaa kwenye benchi. Hakuna mtu mwingine aliyemhitaji? Hakuwa hata na jirani?"

Zena, mimi nilikuwa nimeiangalia filamu ile mara tano na swali hilo halikunijia. Nilihangaika na yule kijana, ni yeye au si yeye. Bi Hadija alikuwa ameona miaka.

Baada ya siku kumi aliondoka kwenda Morogoro. Lakini tazama alivyoondoka. Hakusema Idi amekufa, na matanga hakuyaweka, ingawa ndugu zake walimshauri afanye hivyo ili moyo upumzike. Alimtafuta mwandishi wa mabango pale mtaani, akamwandikia ubao: jina lake, mtaa wa Morogoro, jina la balozi wa nyumba kumi, hata alama ya mti ulio karibu na nyumba. Ubao akaupigilia misumari juu ya kizimba. Akawaelekeza majirani watatu kwa mdomo, mmoja mmoja, akiwafanya warudie. Kisha akajitwisha mzigo wake.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Nikamuuliza kama anaumia kuondoka bila kujua.

"Naumia," akasema. "Mlango nauacha wazi. Ila siwezi kukaa kizingitini, kuna watoto wanalia ndani."

Sijawahi kukutana na mtu shujaa kuliko yule. Nimeona watu wanaosubiri mpaka wanakauka, na nimeona wanaokata tamaa wakaita ni imani. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya mwisho wale pacha walikuwa wanasoma darasa la pili na walikuwa wanamtegea kazi za nyumbani kwa ujanja, naye anajua na anacheka. Habari za Idi hakuna. Ndivyo ilivyo mpaka leo ninapoandika, na sina la kuongeza.

Mimi niliendelea kutafsiri kwa miezi kadhaa bila kuongeza miisho. Wengine waliacha kuja. Waliobaki walianza kitu ambacho sikukitegemea: filamu ikiisha hawakutoka. Walikaa wanabishana, huyu hivi, yule vile, mpaka Mzee Kitwana awafukuze kwa sababu ya onyesho la jioni. Yule muuza khanga naye alirudi, akawa ndiye mbishi kuliko wote. Nilipenda kuwasikiliza. Waliona mambo mengi kunizidi. Kisha televisheni zikaingia majumbani, Mzee Kitwana akageuza banda kuwa stoo ya mitumba, na mimi nikageukia cherehani. Watu wanadhani niliacha kwa sababu banda lilifungwa. Ukweli ni kwamba kulikuwa na mabanda mengine yaliyonitaka. Sikwenda, kwa sababu kila moja lilimtaka Tamati wa zamani.

Na sasa kosa nililokukosea wewe.

Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza baba yuko wapi. Nikakwambia yuko mbali anafanya kazi, atarudi na baiskeli. Ulipofika tisa nikakwambia anaumwa, ndiyo maana. Miaka kumi na moja, nikasema alikuwa mtu mbaya na Mungu alituepusha. Kila mwisho niliutamka kwa sauti ya kipaza sauti, na kila mara nilidhani nakufanyia wema. Kisha uliacha kuuliza. Nilidhani umeridhika. Ni baadaye sana nilipotambua kwamba uliacha kwa sababu una akili. Uliona miisho haifanani. Nilimwomba radhi Bi Hadija mbele ya banda zima, na wewe niliyekuzaa nikakupita.

Ninachokijua ni hiki. Jina lake unalo. Alikuwa fundi seremala, mwenye mikono myepesi na hasira za karibu, na alipenda kukubeba mabegani mpaka nikaogopa utaanguka. Asubuhi moja alisema anaenda Arusha, machimboni, kwa miezi mitatu. Hatukuwa tumegombana. Alikunja mashati yake mawili, akakubusu utosini ukiwa umelala. Ililetwa barua moja, ya mistari minne, kwamba amefika salama na kuna baridi. Baada ya hapo, hakuna. Nilimwandikia, nilimuulizia kwa watu waliokwenda huko. Mmoja alisema amemwona, mwingine akasema si yeye. Sijui kama yu hai. Sijui kama alitukimbia au alizuiwa. Kama kuna jambo nililomfanyia mimi, silijui, ingawa nimelitafuta usiku mwingi.

Ukitaka kumtafuta, sitakuzuia, na nitakwambia majina ya wote niliowauliza. Usipotaka, sitakusukuma. Na siku mgonjwa atakapokushika mkono akuulize kama atapona, na wewe hujui, mwangalie usoni umwambie hujui, kisha usiondoke haraka. Jumapili hilo la mwisho sikulifanya kwako.

Miaka yote nilikupa mwisho, mwanangu. Leo nakupa ninachokijua, na najua hakitoshi. Kichukue hivyo hivyo kilivyo.

Mimi mama yako,
Somoe